Waya wa Ardhi Kwanza, Sanduku Jipya Baadaye

Hotuba kwa wenye nyumba na wapangaji wa Thika na Ruiru

Umeme si mgeni katika sehemu hizi. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, nguvu za maji ya mto Ruiru ndizo zilizowasha taa za mji wa Nairobi, na mwaka 1925 kituo cha Ndula kilianza kutoa umeme katika mto Thika. Tangu siku hizo miji hii miwili imekua sana. Mashamba mengi ya kahawa yamekatwa yakawa ploti, na mahali palipokuwa na miti ya kahawa pamesimama maghorofa na safu za vyumba vya kupangisha. Katika vyumba hivyo stima hutumika usiku na mchana, kwa taa, kwa pasi, kwa friji, na kwa ile shawa ya umeme iwashayo maji ya kuoga mara moja.

Nyumba ikizeeka, au wapangaji wakizidi kuongeza vyombo, sanduku la fyuzi lililo karibu na mita huanza kuleta matata. Fyuzi huungua kila mara, vifuniko hupasuka, na pengine huwa na harufu ya kitu kinachoungua. Hapo mwenye nyumba huambiwa anunue sanduku jipya, ambalo mafundi huliita konsuma yuniti, lenye swichi ndogo ndogo zinazojikata zenyewe hitilafu itokeapo. Hulinunua, hufungiwa, na jioni hulala akiamini kwamba hatari imekwisha.

Hotuba hii imekusudiwa kueleza kwamba imani hiyo pengine ni ya bure. Sanduku jipya lililofungwa penye waya wa ardhi mbovu ni mfano wa kufuli jipya lililotiwa katika mlango uliooza. Kwa hiyo, kabla ya sanduku kununuliwa, yapasa ardhi ikaguliwe.

KAZI YA WAYA WA ARDHI

Katika kila soketi iliyofungwa vema mna nyaya tatu. Wa kwanza ni waya wa moto, uletao nguvu. Wa pili ni waya wa nyutro, unaoirudisha. Wa tatu ni waya wa ardhi, ambao rangi yake ni kijani, au kijani pamoja na manjano. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa moto ni mwekundu na wa nyutro ni mweusi. Katika nyaya za mtindo mpya waya wa moto ni wa rangi ya kahawia na wa nyutro ni wa buluu. Nyumba zilizoongezwa vyumba kidogo kidogo huweza kuwa na rangi za namna zote mbili, na hilo peke yake ni sababu ya fundi kwenda kwa uangalifu.

Waya wa ardhi, siku zote ambazo mambo ni mazuri, hauna kazi yo yote. Ndiyo maana watu wengi huudharau, na mafundi wasio waaminifu huuacha ili kupunguza gharama. Kazi yake huja siku ya hitilafu. Waya wa moto uliochubuka ndani ya pasi, ukigusa bati la pasi, hulifanya bati hilo kuwa na nguvu sawa na ya waya wenyewe, yaani volti 240. Ikiwa waya wa ardhi upo na ni mzima, umeme huo hupata njia ya kupita, na swichi iliyo katika sanduku huweza kutambua hitilafu na kujikata. Ikiwa haupo, bati hukaa kimya na nguvu zake, likingoja mkono wa mtu.

Iko kazi ya pili iliyo ndugu ya hiyo, nayo ni kuyafungamanisha mabomba ya chuma na vyuma vingine vikubwa vya nyumba na waya wa ardhi. Maana yake yaweza kueleweka kwa kumtazama ndege atuaye juu ya waya wa umeme. Hadhuriki, kwa kuwa miguu yake yote miwili imeshika nguvu moja. Lakini bawa lake likigusa chuma cha mlingoti hali miguu ingali juu ya waya, hufa papo hapo, kwa sababu amezishika nguvu mbili zilizo mbalimbali. Mtu aogaye ni kama ndege huyo. Akishika bomba kwa mkono mmoja na shawa kwa mkono wa pili, usalama wake ni kwamba vyuma vyote viwili viwe na nguvu moja. Kuvifungamanisha ndiko kunakovifanya viwe hivyo.

HESABU NDOGO YENYE MAANA KUBWA

Katika ploti nyingi za Thika na Ruiru njia ya ardhi huishia katika nondo iliyopigiliwa chini karibu na ukuta. Umeme uliopotea njia hupita katika waya, hushuka katika nondo, na kuingia udongoni. Lakini udongo si shaba. Udongo huuzuia umeme, na kiasi cha kuzuia huko hupimwa kwa omu.

Ichukuliwe kwamba nondo imepimwa ikaonyesha omu 60. Kipimo hicho si kibaya sana kwa nondo moja ya nyumba. Volti 240 zikigawanywa kwa 60, jibu ni ampea 4. Basi hitilafu itokeapo, umeme utakaopita katika ardhi ni ampea 4 tu. Swichi ya soketi iliyo katika sanduku jipya ni ya ampea 32. Kwake ampea 4 ni kama matumizi ya kawaida ya pasi, wala haina sababu ya kujikata. Itakaa vivyo hivyo saa nyingi, pengine siku nyingi.

Na balaa haliishi hapo. Mahali penye vyumba vinane vinavyotumia nondo moja, waya wa ardhi wa chumba kimoja umeunganishwa na nyaya za ardhi za vyumba vingine vyote. Friji ya mpangaji wa chumba cha kwanza ikiharibika, nguvu zake hupita katika waya huo mpaka chumba cha nane, na mtoto asiye na friji wala pasi huweza kurushwa na bomba la maji. Waya uliowekwa kuwa mlinzi umekuwa tarishi wa kupeleka hatari.

Kwa sababu hiyo sanduku linalofaa nyumba za namna hii halina budi kuwa na swichi ya kukamata umeme unaovuja. Swichi hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi, na ikiona umepungua miliampea 30 hivi, hukata kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Kiasi hicho kimechaguliwa kwa sababu umeme unaozidi kidogo hapo, ukipita kifuani kwa sekunde chache, huweza kuuvuruga moyo usipige tena sawasawa.

Pengine mtu atauliza: Ikiwa swichi hiyo ina akili hivyo, waya wa ardhi ni wa nini tena? Jibu ni hili. Ardhi ikiwa nzima, swichi hukata mara hitilafu itokeapo, kabla ya mtu ye yote kugusa kitu. Ardhi ikiwa haipo, umeme hauna pa kupita, kwa hiyo swichi haioni upungufu wo wote. Itangoja mpaka umeme upate njia, na njia yenyewe itakuwa mwili wa mtu. Tena swichi ni chombo, na chombo huharibika. Mwenye busara hategemei mlinzi mmoja.

MZEE NA FUNDI

Mazungumzo ya namna ifuatayo yaweza kusikiwa katika ploti yo yote. Mzee mwenye nyumba za kupangisha amemwita fundi abadilishe sanduku.

“Fundi,” asema mzee, “pesa za sanduku ziko tayari. Lini utalifunga?”

“Mzee, kabla hujatoa pesa hizo, nionyeshe nondo ya ardhi iko wapi.”

“Iko pale nyuma, chini ya saruji. Ilipigwa siku nyumba ilipojengwa. Hiyo haina shida.”

“Waya unaokwenda huko umekatika, mzee. Hapa ukutani umebaki mkia wake tu.”

“Mbona basi taa zinawaka?”

“Taa haziuhitaji ili ziwake. Wanaouhitaji ni watu wako.”

Mzee hunyamaza, kisha husema, “Nilikuita kwa sanduku, nawe wanipeleka kwenye shimo.”

“Ndiyo, mzee. Nondo na waya wake kwa kawaida ni bei ndogo kuliko sanduku. Na nikikufungia sanduku leo bila hivyo, nitakuwa nimekuuzia bati zuri.”

Fundi asemaye hivyo yafaa aheshimiwe, ijapokuwa maneno yake huongeza gharama.

MAMBO MATANO YA KUKAGULIWA

Kwanza, waya wenyewe utafutwe na kufuatwa kwa macho, tangu sandukuni hadi kwenye nondo. Mara nyingi huonekana umekatwa na mtu aliyekuwa akipiga lipu, au kibano chake kimekula kutu, au umeibiwa. Wizi wa shaba si hadithi. Mwezi wa Januari 2022 Serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa mali ya umma, pamoja na njia kubwa za umeme. Mwizi asiyeogopa mlingoti hataogopa waya ulio nyuma ya nyumba. Kwa hiyo waya utiwe ndani ya bomba la plastiki, na kichwa cha nondo kijengewe kisanduku chenye kifuniko, ili uweze kukaguliwa bila kuvunja saruji.

Pili, nondo ipimwe. Kuiona kwa macho hakutoshi. Fundi anayo mashine ya kupimia ardhi, ambayo hutumia vijiti viwili vya chuma vinavyopigwa chini mbali na nondo. Kabla ya kuufungua waya wa ardhi ili kupima, ni lazima umeme wa nyumba nzima uwe umezimwa, kwa maana nyumba isiyo na ardhi, hata kwa dakika chache, ni nyumba ya hatari. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa Kenya hufundishwa, huona kwamba kipimo kinachozidi omu 200 si cha kutegemewa.

Katika jambo hili yafaa kuujua udongo wa mahali. Udongo mwekundu wenye kina hushika unyevu vizuri. Lakini upande wa Ruiru na Juja uko udongo mweusi wa mfinyanzi, na mahali pengine mwamba uko karibu sana na juu, kama wajuavyo wachimbaji wa mawe ya kujengea. Udongo mweusi ukiwa na maji hupitisha umeme vema. Ukikauka hupasuka na kujitenga na nondo, na kipimo kilichokuwa kizuri mwezi wa Mei huwa kibaya mwezi wa Februari. Basi upimaji ufanywe wakati wa kiangazi, na si siku ya pili ya mvua kubwa. Kipimo kikiwa kibaya, nondo ishushwe chini zaidi, au iongezwe nyingine, mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe. Kumwaga chumvi ni dawa ya muda mfupi: mvua huiondoa, nayo huila nondo. Na nondo za ujenzi hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa hula kutu upesi. Itakiwayo ni nondo ya chuma iliyofunikwa shaba.

Tatu, mabomba yakaguliwe. Zamani nyumba nyingi zilitumia bomba la maji la chuma kuwa ndiyo ardhi, kwa sababu lilikwenda mbali chini ya udongo. Siku hizi mabomba hayo huondolewa na kuwekwa ya plastiki. Siku bomba la chuma linapokatwa barabarani na kuungwa kwa plastiki, ardhi ya nyumba hiyo hutoweka, wala hakuna taa itakayozimika kutoa habari. Basi bomba lisiwe ndiyo ardhi. Lakini bomba la chuma liingialo nyumbani lifungamanishwe na ardhi kwa waya wa kutosha, na kwa kawaida mafundi hutumia waya wa milimita mraba 10. Bomba la plastiki halihitaji kufungwa waya.

Nne, kila soketi ipimwe, pamoja na shawa. Soketi huweza kuwa na matundu matatu, na nyuma yake mna nyaya mbili tu. Tena wako mafundi ambao, wakikosa waya wa ardhi, huunganisha tundu la ardhi na waya wa nyutro ndani ya soketi. Huo ni mtego. Siku waya huo wa nyutro utakapokatika, bati la chombo kilichochomekwa hapo litakuwa na moto ingawa chombo chenyewe hakifanyi kazi. Shawa ya umeme ya wati 5500 huvuta ampea 23 hivi. Haina budi kuwa na waya wake yenyewe unaotoka sandukuni, na waya wa ardhi uliofungwa barabara. Mtu aliyelowa maji, asiye na viatu, juu ya saruji yenye maji, hana kinga nyingine.

Tano, nyaya za nyumba zipimwe kama zinavuja, na kama nyutro za vyumba zimechanganywa. Jambo hili likisahauliwa, swichi mpya itajikata mara kwa mara, usiku na mchana. Wapangaji watalalamika, mwenye nyumba atachoka, na mtu atamshauri aiondoe swichi hiyo au airuke kwa kipande cha waya. Hapo gharama yote itakuwa imepotea, na hatari itakuwa kubwa kuliko zamani, kwa kuwa sasa kila mtu anaamini kwamba nyumba inalindwa. Swichi inayojikata mara kwa mara haina ukaidi. Inatoa habari, na yafaa isikilizwe.

NANI AIFANYE KAZI HII

Kazi hii si ya kila mwenye bisibisi. Nchini Kenya fundi wa umeme hutakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Leseni hizo zina madaraja, kuanzia C2 mpaka A1, na mwenye nyumba anayo haki ya kuomba aonyeshwe leseni kabla ya kazi kuanza. Kazi ikiisha, na aombe hati iliyoandikwa ionyeshayo vipimo vilivyopatikana: kipimo cha nondo, kipimo cha nyaya, na muda uliotumiwa na swichi kukata. Fundi aliyepima hataona taabu kuandika. Asiyeandika, pengine hakupima.

Mita na lakiri zake ni mali ya kampuni ya umeme, Kenya Power. Pasiwepo fundi wala mwenye nyumba wa kuzikata lakiri hizo. Kampuni iombwe ije kuzima umeme kwa njia ya halali, ndipo sanduku liguswe.

Mpangaji naye anayo sehemu yake. Akihisi mtekenyo anapogusa bomba, friji, au mlango wa bati, asiuzoee wala asiufanye mzaha. Mtekenyo huo ni barua ya kwanza. Na azime swichi kuu, awaonye majirani, na amwarifu mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Tena swichi ya kukamata umeme ina kibonyezo kidogo cha kujaribia, na yafaa kibonyezwe angalau mara moja kila miezi 6. Ikiwa haikukata, fundi aitwe. Lakini ieleweke kwamba kibonyezo hicho hujaribu swichi peke yake. Hakiwezi kusema kama nondo ingalipo ardhini.

Mabibi na Mabwana, wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa wenyewe hauonekani, kwa kuwa umefichwa chini ya udongo na nyuma ya lipu, na nyumba huweza kukaa miaka mingi bila ya dalili. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Thika au wa Ruiru ambaye anaweka akiba ya kununua sanduku jipya, na aanze kwa kumwuliza fundi wake neno moja: ardhi ya nyumba hii ni omu ngapi? Jibu likipatikana kwa mashine, na likiwa jema, sanduku linunuliwe na lifungwe. Likiwa baya, pesa za kwanza ziingie udongoni.